Mwenye Mlango

Machi 7

Dada amelazwa. Daktari amesema asisimame wala asiinue kitu chochote mpaka mtoto azaliwe, na mtoto bado hajafikia wakati wake. Shemeji yuko safarini na lori, safari ya miezi, amebeba mzigo wa watu, hawezi kugeuza njiani. Basi nimehamia kwao mimi, niliyemaliza shule juzijuzi na sina kazi ila kusubiri matokeo.

Watoto ni watatu. Mkubwa ana miaka kumi na mmoja, wanamwita Bosi kwa sababu tangu ajue kusema anaagiza tu. Wa pili ni msichana wa miaka minane, Kasuku, na jina linatosha. Wa mwisho ana mitano. Huyo ni Kisiki, maana akikaa mahali hang'oki. Wote wananiita Mama Mdogo, na kila wakiniita nageuka kutazama ni mama gani ameingia.

Jioni alikuja shangazi yao, dada mkubwa wa shemeji. Alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole, kisha akanitazama mimi.

"Wewe binti, nyumba utaiweza?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Sijasikia."

"Nitaiweza," nikasema, lakini nadhani kabati peke yake ndilo lililosikia.

Akanivuta jikoni, watoto wasisikie. Akasema mwezi ujao atakuja, hatasema siku. Akikuta nyumba imelala, kazi haziendi, atawagawa: Bosi aende kwa baba yake mdogo, Kisiki kwa bibi, na "huyu msemaji" akae kwake. Si kwa ubaya, alisema. Ni kwa sababu mimi mwenyewe bado mtoto.

Kabla ya hapo, hospitalini, Dada alinishika mkono hata nikaumia. "Wasitawanyike," aliniambia. "Nikisikia wametawanyika, nashuka kitandani narudi nyumbani." Na daktari alikwisha kusema akishuka tutampoteza mtoto.

Machi 8

Mvua imeanza.

Machi 10

Sasa nimejua kwa nini Dada amechoka. Alikuwa akifanya kila kitu peke yake.

Asubuhi Bosi alikaa mezani akatulia. Nikamuuliza anasubiri nini. "Chai." Nikamwambia iko jikoni. "Najua," akasema, akaendelea kusubiri. Kisiki alininyooshea mguu nimvike soksi, kama mfalme. Kasuku alivua gauni la kulalia katikati ya sebule, akatoka ndani yake huku anasimulia ndoto, akaliacha sakafuni kama nyoka anavyoacha gamba.

Mtu mwingine angefoka. Mimi sijui kufoka. Shuleni nilikuwa yule ambaye mwalimu humwandikia "aongeze sauti" kila muhula. Walipoondoka nilijaribu kufokea ndoo tupu. Hata ndoo haikushtuka.

Machi 11

Mvua. Nimefua, nimepika, nimefagia, nimefua tena. Nguo hazikauki.

Machi 13

Leo Kasuku alivaa buti nyekundu za Kisiki kwenda nazo uani. Kisiki, ambaye hainami hata kuokota kijiko chake mwenyewe, alikimbia kwenye mvua akazivua miguuni mwa dada yake kwa nguvu, akaziingiza ndani, akazifuta tope kwa shati alilovaa. Nikauliza kwa nini amechafua shati.

"Buti ni zangu," akasema. "Shati ni la Mama."

Nilisimama na ufagio mkononi. Kumbe nyumba hii vitu vyote ni vya Mama. Wao ni wageni tu, wanakaribishwa kila siku.

Wakati wa chakula cha jioni niliwaambia, macho yangu yakiwa kwenye sahani, kwamba kuanzia kesho kila kitu kitakuwa na mwenyewe. Kisiki ni mwenye viatu: viatu vyote vya nyumba vinavyokaa kwenye ubao wa nje, chini ya ukingo wa paa, yeye ndiye wa kuviingiza mvua ikija. Kasuku ni mwenye vikombe na sahani. Bosi ni mwenye sufuria ya wali. Sharti ni moja: hakuna anayegusa kitu cha mwenzake, hata kikiharibika.

"Hata kikiharibika kabisa?" Bosi akauliza, kwa hamu isiyonipendeza.

"Hata kabisa."

Kasuku akaniinulia kidevu. "Na wewe Mama Mdogo, ni mwenye nini?"

"Mimi? Vingine vyote."

"Vingine vyote si kitu."

Wakaingia chini ya meza wote watatu kushauriana. Nilisikia kicheko cha Kisiki. Walipotoka, Kasuku ndiye aliyesoma hukumu.

"Wewe ni mwenye mlango."

Wameniona. Mtu akipiga hodi, mimi hujificha jikoni na kumtuma Kasuku aseme sipo.

Machi 14

Wali umeungua. Tumeula.

Machi 15

Wali mbichi. Bosi anasema jana tulilalamika umeiva mno.

Machi 17

Mvua ilishuka mchana na Kisiki alikuwa amejikita kwenye mkeka akipanga vizibo. Nikamwambia, "Mwenye viatu, mvua." Akasema anakuja. Hakuja. Nilisimama mlangoni nikitazama viatu vinajaa maji kimoja baada ya kingine. Nilijikaza kisabuni, sikuvigusa.

Kisha akaja muuza gesi. Tulikuwa tumemwita tangu jana, mtungi umekwisha. Akapiga hodi. Nikaenda hadi mlangoni, nikashika komeo. Sikulisogeza. Nilimsikia akikohoa. Akapiga hodi tena, akasubiri, akaondoka zake na mtungi begani.

Nilipogeuka, wote watatu walikuwa wamekaa kwenye kochi, mikono wamekunja, wananitazama. Hata mmoja hakuwa ameinuka. Sharti ni sharti.

Jioni tulikula mkate mkavu na maji. Nilidhani watanicheka. Bosi akaukata mkate wake katikati, akautazama.

"Juzi tulikula wali mbichi kwa ajili yangu," akasema. "Leo tunakula mkate kwa ajili yako. Hakuna neno."

Nimelia kidogo bafuni. Si kwa huzuni.

Machi 18

Asubuhi wote tumevaa viatu vyenye maji. Kisiki alitembea mbele, anasikiliza: kwach, kwach, kwach. Alihesabu kila mguu.

Mchana muuza gesi alirudi. Nilifungua mlango. Nikasema karibu. Akasema, "Umesemaje?" Nikasema tena.

Machi 20

Mvua imeanza tukiwa mezani. Kisiki ameng'oka kabla sijainua kichwa. Viatu vyote vimeingia vikavu, pamoja na kandambili moja ya jirani.

Machi 23

Wali umeiva. Bosi amekula kwanza akiwa amesimama, hakuamini.

Machi 26

Nimemwona Dada. Ananiuliza kama wanakula. Nikamwambia Bosi anapika. Alicheka hadi muuguzi akaja kumkanya asijitikise. "Bosi yupi?" akauliza.

Machi 28

Leo nimeharibu kila kitu.

Nina tabia, na sikuwahi kuiandika humu kwa sababu niliona ni kitu kidogo. Kasuku akiosha vikombe, hubaki na povu ukingoni. Basi walipokuwa wakienda shule nilikuwa navirudia. Vyote. Nilikuwa nikimwazia Shangazi na kidole chake. Na si vikombe tu. Bosi akienda kuoga nilikuwa naonja wali wake, naongeza maji, napunguza moto. Viatu vya Kisiki nilikuwa navipanga upya, maana yeye huvipanga kwa rangi, si kwa jozi.

Asubuhi hii Kasuku alirudi kuchukua daftari alilosahau. Akanikuta mikono imezama kwenye maji ya sabuni.

"Unafanya nini?"

"Nasuuza tu."

"Nilivisuuza mimi."

"Najua, mama. Nilitaka tu vi…"

"Tangu lini?"

Nikatazama povu. Yeye hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

"Tangu siku ya kwanza," akajijibu. Akachukua daftari lake akatoka.

Jioni alikuwa amekwisha kuwaeleza wenzake. Bosi akafunua sufuria, akaitazama kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsaliti. "Kwa hiyo siku ile ulipoiva, ni wewe."

"Nilipunguza moto tu."

"Ni wewe."

Kisiki alikwenda kuvitazama viatu, vimekaa jozi kwa jozi, safi. Akaanza kulia bila sauti. "Nilidhani vinajipanga vyenyewe," akasema.

Bosi akaweka kifuniko chini. "Basi vyote ni vyako, Mama Mdogo. Chukua."

Machi 30

Wamegoma. Vyombo vimejaa kwenye beseni. Bosi anasubiri chai mezani. Soksi, mguu, mfalme. Mvua haijakatika tangu alfajiri na viatu viko nje.

Machi 31

Bado. Wali nimepika mimi. Ulikuwa mzuri na hakuna aliyeumaliza.

Aprili 1

Nimewaambia ukweli. Niliwaketisha kwenye mkeka, nikakaa nao chini, nikasema yote: kwamba Shangazi atakuja mwezi huu, kwamba akiona nyumba imelala atawagawa, nani aende wapi. Nikasema ndiyo maana nilikuwa narudia. Niliogopa povu litawatenganisha.

Kasuku hakusema hata neno. Ni mara ya kwanza tangu nimjue.

Kisiki akauliza, "Kwa bibi kuna viatu vingapi?"

"Ungetuambia mapema," Bosi akasema.

"Niliona nyinyi ni wadogo."

"Ni wadogo ndiyo. Lakini nyumba ni yetu."

Nikawaomba radhi. Nikaahidi sitarudia kazi ya mtu tena, hata Shangazi aje na vidole kumi. Wakaniangalia kama watu wanaopima iwapo naweza kuaminiwa.

Kasuku akainuka akaenda jikoni. Nilimsikia akimwaga maji. Alirudi na kikombe kimoja, ameosha, amejaza maji ya kunywa. Akanipa. Povu lilikuwa limezunguka ukingo kama pindo la gauni. Nikanywa mpaka mwisho, macho yake hayajaniacha.

"Kina sabuni?"

Ningeweza kusema hapana. Wiki iliyopita ningesema hapana.

"Kina," nikasema.

Akakichukua, akaenda kukisuuza, akarudi nacho. Nikanywa tena. Hakikuwa na kitu.

"Ndivyo ufanye siku zote," akaniambia. "Unaniambia. Hunizunguki."

Machi yote nilikuwa natafuta namna ya kuwafunza wawajibike. Nimefunzwa mimi, na mtoto wa miaka minane.

Aprili 5

Wali una chumvi mno. Nimesema. Bosi amenuna, kisha akaonja, kisha akanuna kwa sababu ni kweli.

Aprili 8

Mwenye viatu amegundua jozi ni nini.

Aprili 11

Nimefungua mlango kwa mtu wa kusoma mita, jirani mwenye kandambili, na watu wawili waliopotea njia. Wale waliopotea niliwaelekeza hadi kona.

Aprili 12

Mvua. Wali mzuri. Hakuna aliyesema ni mzuri, tumeongeza tu.

Aprili 19

Nataka nisisahau hata kidogo.

Ni Jumamosi. Nilikwenda hospitali kumpelekea Dada nguo. Niliwaachia watoto agizo moja: msimfungulie mtu yeyote mpaka nirudi. Nikafunga, nikampa Bosi ufunguo kupitia dirishani. Mama wa jirani alikuwa nyumbani, nikamwomba atupe jicho. Nilikusudia kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini mvua iliyoshuka leo haijawahi. Maji yalifunika daraja la barabara ya hospitali, magari yakasimama, tukaambiwa tusubiri yapungue. Nilisimama kwenye kibaraza cha duka na watu wengine, roho mkononi. Nikawaza jiko, nikawaza moto. Nikamwazia Shangazi, maana siku ya ubaya haiji peke yake.

Maji yalipopungua nilivua viatu nikavuka. Nikakimbia mpaka nikaiona nyumba.

Shangazi alikuwa amekaa nje.

Alikaa kwenye ubao wa viatu, chini ya ukingo wa paa, mwavuli umefunguliwa juu yake, taulo letu la njano mabegani. Mkononi ana kikombe cha chai. Uso wa Kasuku ulikuwa kati ya nondo za dirisha, unaongea.

"…na Mama Mdogo amesema sukari iwekwe kwanza, lakini mimi naona mwisho ndiyo vizuri. Shangazi, nikuongezee?"

"Niongezee mlango," Shangazi akasema.

"Mwenye mlango hayupo."

"Mimi ni shangazi yako. Baba yako nimembeba mgongoni."

"Najua Shangazi, na tunakupenda. Lakini mlango si wangu. Mimi ni vikombe."

Ndipo Shangazi akaniona, miguu peku, nimelowa chapachapa.

"Wewe," akasema. "Nimewekwa nje kama paka wa jirani. Na mvua hii. Nimemwita huyu mkubwa, ananiambia wali uko motoni hawezi kuuacha. Nikamwita mdogo afungue, akanifungulia dirisha, akaniambia nimpe viatu vyangu."

Nilitazama miguu yake. Alikuwa na soksi tu.

"Alipitisha mkono kwenye nondo akavichukua," akasema. "Eti vitalowa."

Bosi akanipa ufunguo kupitia dirishani. Nikafungua. Nilitamani ardhi inimeze na mlango wake.

Ndani palikuwa na harufu ya wali. Viatu vyetu vyote vilikuwa vimepangwa ukutani, na mwisho wa mstari, viatu vyeusi vya Shangazi vimefutwa, vimewekewa karatasi ndani vikauke. Paa lilikuwa limevuja penye kochi. Walikuwa wamelisogeza kochi na kuweka beseni. Gesi ilikuwa imezimwa. Sakafu haikuwa safi. Gauni la mtu lilikuwa chini.

Shangazi akaingia. Kidole chake kikatembea: kabati, dirisha, meza. Kikafika kwenye vikombe. Akainua kimoja kwenye mwanga.

"Hiki kina povu," akasema, akakunja mikono ya gauni, akafungua bomba. Alikuwa anaviosha. Vyote.

Nilimwona Kasuku. Hakumtazama Shangazi, alinitazama mimi. Bosi naye, mwiko mkononi. Kisiki kwenye mstari wake wa viatu. Kama siku ile ya muuza gesi: wanasubiri kuona kama nitafungua.

"Shangazi, naomba uviache."

Akafunga bomba. "Umesemaje?"

Moyo ulikuwa unapiga hodi masikioni. "Naomba uviache. Vina mwenyewe. Ukiona povu, mwambie. Ataosha tena. Ukimwoshea wewe, kesho havitakuwa vyake, na mimi nitarudi mwanzo."

Sijawahi kumkatalia mtu mzima kitu tangu nizaliwe.

Shangazi akakitazama kikombe. Akamtazama Kasuku.

"Haya, mwenyewe," akasema. "Hiki kina povu."

"Wapi?"

"Hapo kwenye mkono."

Kasuku akakipokea, akakitazama, akapumua kwa nguvu. "Kweli. Samahani." Akakiosha. Akaosha na kile kilichofuata, maana nacho kilikuwa nalo.

Tukala. Shangazi aliuonja wali, akaongeza, akauliza nani ameupika, ingawa alimwona. Bosi akasema, "Mimi," kwa sauti ya mtu anayejua wali mbichi ukoje.

Hakusema lolote la kugawa watoto. Nami nilikuwa nangoja kila tonge. Alipokuwa akiondoka Kisiki alimletea viatu, kimoja kimoja, akamwekea miguuni. Shangazi akavivaa, akazunguka kwa kisigino.

"Vikavu," akasema.

"Ndiyo," Kisiki akasema.

Mlangoni alinigeukia. "Nyumba yako chafu, binti. Paa linavuja. Na mgeni mnamweka nje." Akafungua mwavuli. "Lakini haijalala. Wabaki."

Nikafunga mlango. Tukatazamana. Kisha Kasuku akaanza kuruka, na tukaruka wote, beseni la maji likapinduka, na hakuna aliyejali mpaka Bosi akauliza, "Beseni la nani?" Tukagundua halina mwenyewe. Maji tumeyafuta pamoja.

Aprili 20

Nimemwambia Dada. Alifumba macho, akapumua, akalala palepale nikiwa bado nasimulia.

Mei 3

Msichana. Mzima. Mama yake mzima. Shemeji amepiga simu kutoka njiani, alikuwa analia, akasema ni vumbi.

Mei 11

Mvua imepungua, imebaki ya kuaga. Dada amerudi nyumbani.

Aliingia, mtoto kifuani, hakuketi hata kidogo. Alimkabidhi Bosi mtoto, akaokota taulo, akaelekea kwenye beseni la vyombo. Miguu yake ilikuwa inajua njia yenyewe.

"Mama," Kasuku akamzuia. "Hivyo vina mwenyewe."

Dada akageukia sufuria. Bosi akasimama mbele yake, mtoto mikononi. "Nayo pia."

Akateremsha macho kwenye viatu. Vilikuwa jozi kwa jozi, na mwisho wa mstari Kisiki alikuwa ameweka vile vya mtoto, vidogo kama maganda ya karanga.

Dada akaketi. Mikono yake haikujua pa kwenda, akaiweka magotini, machozi yakamtoka. "Na mimi je, nimebaki na nini?"

Wakaingia chini ya meza kushauriana. Walipotoka Kasuku akasema, "Wewe ni mwenye mtoto. Lakini ukikosea hatukusaidii, tunakwambia tu."

Dada alikuwa bado anacheka mtu alipopiga hodi. Akajiinua kwa mazoea. Watoto wakamshika gauni.

"Kaa, Mama. Mwenyewe yupo."

Nikaenda. Nikafungua komeo. Alikuwa Shangazi, mwavuli unachuruzika, kidole tayari.

"Karibu, Shangazi," nikasema, kwa sauti iliyomwamsha mtoto.

Akavua viatu, akampa Kisiki.

"Nimesikia," akasema, akaingia.